Kwa nini watazamaji wanampenda mla rushwa wako

SWALI. Mwandishi mmoja wa tamthilia wa Morogoro anauliza: "Tuna tamthilia ya sehemu 13, kila moja dakika 26, kuhusu ofisa ardhi anayekula rushwa na kumdhulumu mjane kiwanja. Mwishoni anafungwa. Tumeshapiga sehemu 4. Tuliwaonyesha majirani na vijana wa chuo, tukawasimulia na mwisho wake, lakini walimshangilia yule ofisa. Sasa vijana wanatembea na msemo wake, 'Faili hili lina njaa.' Mfadhili anataka tuongeze hotuba kali mwishoni. Itasaidia? Na mbona hata filamu kubwa za nje zinajichanganya vivyo hivyo, zinalaani kitu huku zinakipamba?"

JIBU. Hotuba haitasaidia, ndugu yangu. Nimesoma muhtasari wako wa sehemu zote na muswada kamili wa sehemu ya 1, ya 6 na ya 13, na kwa maoni yangu wale vijana hawakukosea. Wameisoma hadithi kama ilivyoandikwa. Midomo ya wahusika inalaani rushwa, ila muda, vicheko, mavazi na mpangilio wa matukio vinaisifia. Maneno yakigombana na raha, raha hushinda karibu kila mara, na huo ndio mchanganyiko unaouona hata kwenye filamu za mabilioni.

Tuanze na saa. Sehemu 13 za dakika 26 ni dakika 338. Ofisa wako ana pingu mikononi kwa dakika zisizofika 4, tena zile za mwisho kabisa. Kabla ya hapo anakula nyama choma, anavaa suti inayomkaa, anabadilisha magari, na anamjibu bosi wake kwa maneno ambayo kila mtumishi wa umma angetamani kuyasema siku moja. Mtazamaji amekaa na mtu anayemfurahisha zaidi ya saa tano, halafu kwa dakika 4 anaambiwa kwamba mtu huyo hafai. Atakubali kwa mdomo. Kesho yake ataiga ule mwendo na ule msemo.

Wamarekani walikwama hapo hapo zamani. Filamu ya majambazi ya Howard Hawks, Scarface, ilipopita mikononi mwa wakaguzi mwaka 1932, iliongezewa kwenye jina maneno yanayoiita aibu ya taifa, ikapachikwa sini ambamo mwenye gazeti anawahutubia raia kuhusu uhalifu, na ukatengenezwa mwisho mwingine ambamo jambazi anahukumiwa na kunyongwa badala ya kufa kwa risasi. Mwigizaji wake, Paul Muni, hakupatikana kwa mwisho huo, kwa hiyo wakatumia mtu mwingine bila kuonyesha uso. Ile sini ya hotuba hadi leo unaona kabisa kwamba imebandikwa: hadithi inasimama, watu wasiohusika wanaongea, hadithi inaendelea. Na filamu ya mwaka 1983 iliyorudia kisa hicho inamuua jambazi wake, Tony Montana, kwa namna mbaya kabisa, lakini uso wake unauzwa kwenye fulana mpaka leo. Mwisho ulimhukumu, lakini muda uliotangulia ulikuwa umeshamfanya stelingi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hesabu. Chukueni muswada, chora safu nne. Ya kwanza: dakika ambazo kila mhusika yuko mbele ya kamera. Ya pili: nani ana neno la mwisho katika kila sini. Ya tatu: kitu gani kwenye sini hiyo mtazamaji angekitamani, iwe chakula, gari, nyumba, mpenzi au heshima. Ya nne: nani analipa gharama, na je, tunamuona akilipa? Katika muswada wa sehemu ya 6 safu ya nne ni tupu kabisa. Ofisa anauza kiwanja cha mjane, pesa zinahesabiwa juu ya meza, muziki unapanda, sini inakatika. Mjane hatumuoni mpaka sehemu ya 8. Ndani ya sehemu hiyo wizi hauna aliyeibiwa.

Vicheko vina hatari kuliko muda. Mwaka 1971 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kurusha kichekesho cha Norman Lear, All in the Family, ambacho baba wa nyumba, Archie Bunker, ni mbaguzi anayebwata mchana kutwa. Nia ya Lear ilikuwa ubaguzi wenyewe uchekwe. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach wakatoa matokeo ya uchunguzi wao kwa vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Wabaguzi na wasio wabaguzi wote walikifurahia kipindi. Tofauti ni kwamba wenye ubaguzi zaidi ndio walioelekea kumkubali Archie kuliko mkwewe anayebishana naye, na kuona kwamba Archie ndiye anayeibuka mshindi. Mmoja anacheka pamoja naye, mwingine anamcheka yeye, na sebuleni sauti ya kicheko ni moja tu. Mtayarishaji akisikia watu wanacheka hudhani ujumbe umefika.

Sasa tazama sehemu yako ya 1. Kuna utani 11. Tisa ni wa ofisa, na saba kati ya hizo tisa anayechekwa ni mwananchi aliyekuja na shida: mzee asiyejua kusoma ramani, mama aliyekosea dirisha, kijana aliyevaa ndala ofisini. Hapo hamjaicheka rushwa hata kidogo. Mmewacheka wanaodhulumiwa. Ofisa abaki mcheshi, maana mla rushwa asiyechekesha hatazamwi, na kwa kweli wengi wao wana ucheshi. Badilisheni kinachofuata baada ya utani. Mhariri akate kwenda kwenye uso wa aliyechekwa, akae hapo sekunde 4 hadi 6 bila muziki, kisha ndipo sini ifungwe. Sekunde hizo chache zinamlazimisha mtazamaji atulie na kicheko chake. Fanyeni hivyo mara mbili au tatu katika kila sehemu, si kwa kila utani, la sivyo itageuka kuwa mtindo na watu watauzoea.

Msemo nao msiufute. Umeshatoka, na ni mzuri. Uhamisheni mdomo. Katikati ya tamthilia, tuseme sehemu ya 7, mama yake ofisa yuko kwenye benchi la hospitali anakohoa, faili halionekani mapokezi, na karani anainama dirishani na kumwambia yeye maneno yale yale kwa sauti ile ile ya utani. Asijibu kitu. Atoe pesa. Kuanzia hapo kila kijana atakayeusema mtaani anaukumbuka na ule upande wa pili wa dirisha.

Sasa kuna jambo ambalo hamkuligusa kwenye swali, na naliona kubwa kuliko yote: anakamatwaje? Kwa muhtasari wako, sehemu ya 12 mchepuko wake anakasirika kwa kuachwa, anachukua picha za miamala kwenye simu yake na kuzipeleka TAKUKURU. Hebu jiulize kosa la ofisa kwa hesabu ya hadithi hiyo ni lipi. Alikula rushwa miaka mingi bila kupata hata mafua. Alianguka siku alipomuudhi mwanamke. Kijana anayetazama ataondoka na somo lililo wazi kabisa: kula, ila usiwe na mchepuko, au ukiwa naye usimwachie simu. Mada yenu ya kisiasa imemezwa na mada ya kijamii ambayo hamkuikusudia, kwamba mwanamke ndiye shimo la mwanamume. Ongeza wanawake wengine wawili walio kwenye hadithi, mke anayevumilia na mjane anayelia, uone picha inayobaki: mmoja analia, mmoja anavumilia, mmoja anasaliti. Ni mpangilio wa zamani sana katika filamu zetu, unaingia wenyewe bila kuitwa kwa sababu mkono wa mwandishi umeuzoea.

Anguko lake litoke ndani ya kosa lenyewe. Kwenye sekta ya ardhi mna zawadi hapo, maana rushwa ya viwanja huacha karatasi. Kiwanja kimoja kikitolewa hati mbili, siku moja wenye hati wawili watakutana, mmoja na fundi wake wa msingi, mwingine na lori la mchanga. Shauri litafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kutaitishwa faili, na faili lina tarehe, lina sahihi, lina daftari la masijala linaloonyesha nani alilichukua na lini alilirudisha. Mwacheni ofisa anaswe na ule ujanja wake wa sehemu ya 2, wa kurudisha tarehe nyuma, ambao mtazamaji alikuwa ameushangilia. Hapo kile kile kilichompa raha ndicho kinachomfunga, na mtazamaji anajikuta naye alikuwa upande wake.

Adhabu za kutoka nje ya hadithi, kama ajali ya gari, radi au mzimu, zina udhaifu huo huo. Living in Bondage, filamu ya Nigeria ya mwaka 1992 iliyofungua njia kwa soko la filamu za video kule, inamhusu mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, kisha mzuka wa mkewe unamwandama hadi anapata wokovu wa kanisa. Zimefuata nyingi za mfumo huo, na kwetu pia zipo. Zinatisha, sikatai. Ila ofisa ardhi wa kweli akizitazama hana mzuka wa kumwogopa. Ana daftari la masijala tu.

Mjane sasa. Umemwandika mpole, mcha Mungu, mwenye subira, ukitegemea mtazamaji aone uchungu na kuichukia dhuluma. Wahindi walijaribu hilo kwa nguvu zote. Hum Log, tamthilia ya televisheni ya taifa ya India iliyorushwa kuanzia Julai 1984 hadi Desemba 1985, ilikuwa na mama aitwaye Bhagwanti, aliyewekwa makusudi awe mfano wa mke anayeonewa, ili wanawake waone kwamba hali ile haifai. Uchunguzi uliofanywa baadaye ukaonyesha kwamba wako watazamaji waliomchukua kuwa mke wa kuigwa: anavumilia, anajinyima, hamjibu mume. Mateso yasiyo na jibu huwa sifa. Mjane wako akilia mpaka sehemu ya 13 halafu serikali ikamrudishia kiwanja, tamthilia itakuwa imewafundisha wajane wasubiri.

Tamthilia hiyo hiyo ina somo jingine kwa mfadhili wako. Sehemu zake 13 za mwanzo zilibeba ujumbe wa uzazi wa mpango waziwazi mno, watazamaji wakalalamika kwamba wanahubiriwa, ikabidi ujumbe ulegezwe na hadithi ipewe nafasi. Nanyi zenu zote ni 13. Mkikosea kipimo mwanzoni hamtakuwa na sehemu ya 14 ya kurekebisha.

Mtu aliyefikiri sana juu ya hili ni Miguel Sabido wa Mexico, aliyeanza kutengeneza tamthilia za kuelimisha katika Televisa, kampuni ya televisheni ya huko, mwaka 1975. Aligawa wahusika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wanaosita katikati. Mzigo wa ujumbe aliuweka kwa hao wa tatu, kwa sababu mtazamaji wa kawaida hajioni kuwa malaika wala shetani. Njia hiyo ilifika Tanzania. Kuanzia Julai 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, ambamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ndiye wa kuepukwa. Mkewe Tunu ndiye aliyekuwa katikati: anaanza akiwa mnyonge, anasita, anaanzisha biashara yake, na hatimaye anamwacha. Kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo mpaka mwaka 1995, kikawapa watafiti eneo la kulinganisha, na waliona mabadiliko katika matumizi ya uzazi wa mpango na katika idadi ya wapenzi ambao watu walisema wanao. Msichukue kila kitu cha Sabido, mbinu zake zingine zinanukia darasa. Ila swali lake ni la kuiba: ni nani katika hadithi hii anabadilika mbele ya macho yangu, hatua kwa hatua, kwa sababu ninazozielewa?

Kwenu mtu huyo yupo tayari, ila mmemsahau pembeni: karani wa masijala. Ana sini sita tu katika muhtasari wote. Anajua kila kitu, anapokea mgao mdogo, ana watoto shule. Mpeni yeye kusita. Sehemu ya 3 anapokea bahasha na kununua sare za shule. Sehemu ya 5 anamuona mjane amelala kwenye korido la ofisi. Sehemu ya 8 anajaribu kurudisha pesa na anatishiwa uhamisho. Sehemu ya 11 anapeleka lile daftari barazani, akijua kwamba naye jina lake limo. Mwanamke awe karani, na mtakuwa mmepata mwanamke wa nne ambaye halii, havumilii wala hasaliti. Naye mjane mpeni kazi ya kufanya. Aende Baraza la Kata, akose, aende la Wilaya, ajifunze kusoma hati, amkatalie wakili wa mtaani. Subira yake itabaki, ila itakuwa na miguu.

Nina wasiwasi pia na yule kijana mwanaharakati wa kwenye muhtasari wako. Ni yeye pekee anayesema waziwazi kwamba tatizo si mtu mmoja, ni utaratibu mzima wa ugawaji, na anasema vizuri. Halafu sehemu ya 9 anachoma ofisi na mlinzi anaungua. Huu ni mtego maarufu wa filamu za Marekani. Black Panther ya mwaka 2018 ni mfano ulio wazi: adui wa hadithi, Killmonger, ndiye anayeuliza Wakanda, nchi tajiri ya kubuni ya Afrika, ilikuwa wapi watu weusi walipokuwa wakiteswa duniani, na swali lake halijibiki. Ili tusimfuate, filamu inamfanya amuue mpenzi wake mwenyewe, amkabe koo mama mtu mzima, achome bustani ya mmea mtakatifu. Wakati huo huo anayeshangiliwa akitungua ndege zinazopeleka silaha nje ni mtu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwishoni mfalme anafungua kituo cha kusaidia watu Oakland. Swali la kisiasa limejibiwa kwa msaada wa kijamii, na aliyeliuliza amezikwa. Filamu ile ina mambo mengi ya kujivunia, ndiyo maana mchanganyiko wake unafaa kuangaliwa kwa makini. Kijana wako akichoma ofisi, hoja yake inaungua pamoja na mlinzi. Kama mnataka awe na kasoro, mpeni kasoro isiyokuwa jinai: anapenda kuonekana, anachelewa, hasikilizi wazee.

Hapo nimeshafika kwenye filamu za nje. Kujichanganya kwao kuna sababu za kawaida kabisa za kibiashara na za vibali.

Kwanza ni soko. Filamu iliyogharimu dola milioni 200 haiwezi kuudhi nusu ya wanunuzi wa tiketi, kwa hiyo inampa kila mmoja kipande chake: huyu hotuba ya haki, yule mlipuko. First Blood ya mwaka 1982 ni kisa cha mwanajeshi aliyevunjwa na vita ya Vietnam na kunyanyaswa na polisi wa mji mdogo nchini kwake. Katika riwaya iliyozaa filamu hiyo, Rambo anafariki, na hata kwenye filamu mwisho wa kifo ulipigwa. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, akaachwa hai. Aliye hai anaweza kurudi: mwaka 1985 akarudishwa Vietnam, safari hii kushinda, na mwaka 1988 akapelekwa Afghanistan. Aliyeanza kama lawama kwa vita akawa bango la vita, na mlango ulifunguliwa na uamuzi mmoja wa dakika za mwisho. Squid Game ya Korea Kusini, ya mwaka 2021, inalia kuhusu watu 456 wenye madeni wanaochezewa kwa ajili ya burudani ya matajiri. Mwaka 2023 Netflix, hao hao walioirusha, wakarusha shindano la kweli lenye washiriki 456 na zawadi ya dola milioni 4.56. Hakuna mkosoaji angeweza kuandika kejeli kali kuliko hiyo.

Pili ni vifaa. Anayetaka ndege za kivita na meli za jeshi la Marekani kwa bei nafuu hupeleka muswada Wizara ya Ulinzi, na muswada hurudi na masahihisho. Kwenye Top Gun, ya mwaka 1986, mpenzi wa rubani alikuwa mwanajeshi, akageuzwa raia kwa sababu jeshi halikutaka kuonyesha uhusiano wa namna hiyo ndani ya safu zake. Watengenezaji wa Independence Day, ya mwaka 1996, walikataa kuondoa habari za Area 51, kambi ya siri ya jeshi hilo, wakakosa msaada, wakaendelea bila huo. Nanyi mtakutana na jambo hilo kwa kiwango chenu. Mkiomba kupiga picha ndani ya ofisi halisi ya halmashauri, msishangae mkiombwa ofisa awe mtu mmoja mbaya katika ofisi safi. Ombi lenyewe linaonekana dogo, ila likikubaliwa tamthilia nzima inabadilika maana: mfumo mzima hauna tatizo, aondolewe mmoja. Vyumba vitatu vya jengo lisilotumika, rafu za mbao na mafaili ya kununua kwa kilo kutoka kwa wauza karatasi chakavu vitawagharimu kidogo kuliko ruhusa hiyo.

Tatu ni bodi za ukaguzi, ambazo husoma sana mwisho wa hadithi. Kanuni ya maadili ya Hollywood, iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, ilidai uhalifu usiachwe uonekane unalipa, na watayarishaji wakajua la kufanya: raha dakika 85, adhabu dakika 5. Nchini Kenya, Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018. Kwa maelezo ya muongozaji, bodi ilikuwa imemtaka abadilishe mwisho kwa sababu una matumaini mno. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Msimamo wowote uwe nao juu ya mada yenyewe, ona imani iliyo nyuma ya madai hayo: kwamba mwisho ukiwa wa majuto, filamu yote imetubu. Wewe umeshaona Morogoro kwamba sivyo. Kwetu mtapitia Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976, na muswada wenye kifungo mwishoni utapita kirahisi. Kupita kwenye bodi kusiwape imani kwamba ujumbe umekaa sawa.

Na kuna sababu ya nne ambayo wageni huisahau: mtafsiri. Kibanda umiza kikiweka filamu iliyotafsiriwa, sauti mnayoisikia ni ya Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, au VJ kwa Uganda, na yeye humpamba anayetawala picha, humpachika jina, humuongezea utani. Mazungumzo ya asili hufunikwa. Kinachobaki ni picha: nani kasimama, nani kapiga magoti, nani anaondoka na gari. Jipimeni kwa njia hiyo hiyo. Zimeni sauti, mtazame sehemu 4 mlizopiga toka mwanzo hadi mwisho, na katika kila sini andikeni jina la anayeonekana kushinda. Ofisa akishinda zaidi ya nusu ya sini, mazungumzo hayatawaokoa.

Kuhusu mfadhili, msimkatalie tu, mpelekeeni mbadala. Hum Log ilikuwa inafunga kila sehemu kwa maneno mafupi ya Ashok Kumar, mwigizaji mkongwe aliyependwa, yasiyozidi nusu dakika au zaidi kidogo. Nanyi tafuteni mtu anayeaminika asiye mwanasiasa, mpeni sekunde 30 hadi 40, na asilaani chochote. Aulize swali moja kuhusu uamuzi wa mhusika mmoja, kisha atoe njia moja: namba 113 ya TAKUKURU, au hatua ya kwenda Baraza la Ardhi la Kata na karatasi za kubeba. Rushwa ikionyeshwa kwa ustadi bila mlango wa kutokea, mtu huondoka akisema ndivyo nchi ilivyo, na huo nao ni ujumbe wa kisiasa, tena wenye kumfurahisha mla rushwa kuliko mtu yeyote.

Mwisho, majaribio yenu. Mkiwauliza watazamaji wamejifunza nini, watajibu "rushwa ni adui wa haki" kama tulivyozoeshwa shuleni. Swali hilo liondoeni. Kaeni na watu 8 hadi 10 kwa kundi, wanawake kivyao na wanaume kivyao, vijana wasichanganywe na wazee, mwenyekiti wa mtaa asiwemo, na anayeongoza asiwe mtu wa timu yenu. Waonyesheni bila kuwasimulia mwisho. Waulizwe: nani mjanja humu? Kosa la ofisa lilikuwa lipi? Ungekuwa karani ungefanyaje na ile bahasha? Ungetaka nani arudi msimu wa pili? Jibu la swali la pili ndilo la kuandika neno kwa neno. Wakisema "alijisahau" au "aliamini watu", rudini kwenye muswada. Wakisema "aliuza kiwanja cha mtu", songeni mbele. Wiki moja baadaye mtu apite mitaa ile ile asikilize misemo gani imebaki na inasemwa kwa nani.

Sehemu 4 zilizopigwa zinaweza kuokolewa kwenye uhariri kwa zile sekunde za nyuso na sini tatu au nne mpya za karani, ambazo ni kazi ya siku mbili za kupiga picha mkiwa na ofisi yenu ya kuigiza. Sehemu ya 5 hadi ya 11 andikeni upya kabla ya kukodi kamera. Ya 12 na ya 13 msizipige mpaka makundi mawili yawe yameona zile za mwanzo, maana hapo ndipo mtajua kama karani amebeba mzigo au bado watu wanamngoja ofisa atoke jela.